Ndege Hufuata Kazi ya Watu

Kwetu mtu akionekana amesimama kando ya njia, darubini shingoni, amekikodolea macho kichaka, hakuna anayehangaika kuuliza ni nani. Ni mzungu. Akiwa mweusi, basi ni dereva wa huyo mzungu, au ni mpima viwanja aliyetumwa kuja kuchukua ardhi ya watu. Kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kutumia likizo na fedha zake kutembea akiangalia ndege tu, bila kuwatega wala kuwala, ni habari ambayo wengi wetu huisikiliza kwa adabu na kuicheka baadaye.

Mimi likizo yangu niliitumia hivyo, mwezi Mei, katika kisiwa cha Lesvos nchini Ugiriki. Nilipompigia mjomba simu kumwambia niko wapi na nafanya nini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umepanda ndege kwenda kuangalia ndege? Kwani hapa Bagamoyo wameisha, mpwa wangu?"

Swali la mjomba linastahili jibu la maana. Ndege wa Bagamoyo hawajaisha, na wengi niliowaona Lesvos ni wa aina zilezile zinazokuja kwetu na upepo wa kaskazi na kuondoka kusi inapoanza. Nilichojifunza kule ni mahali wanapopata riziki wakiwa safarini. Hawaipati kwenye pori lililozungushiwa uzio. Wanaipata kwenye shamba la chumvi, kwenye mizeituni, kando ya zizi la kondoo, yaani palepale watu wanapotafuta yao. Jambo hilo lingetufaa sana tukilitafakari huku kwetu, ambako tumezoea kudhani kuwa mnyama au ndege hawezi kulindwa mpaka mwanadamu ahamishwe.

Lesvos ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa Ugiriki, kimelala karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Milima yake imefunikwa na mizeituni, ambayo wenyeji hupenda kukwambia kuwa ni milioni 11. Katikati ya kisiwa bahari imeingia ndani kwa mlango mwembamba ikafanya Ghuba ya Kalloni, maji yaliyotulia, yenye dagaa wanaosifika nchi nzima. Kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei, kabla watu wa kuota jua hawajafika, kijiji cha Skala Kallonis hujaa Waingereza, Waholanzi na watu wa Skandinavia waliokuja kwa ajili ya ndege tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hoteli na mikahawa ya pale hufungua milango mapema kuliko kawaida, na mwenye mkahawa anajua ni ndege gani wa nadra ameonekana jana jioni na wapi.

Wengi wa wageni hao huzunguka kwa magari ya kukodi, wakiendesha polepole na kusimama kila hatua. Siwalaumu, kwa sababu ndege hawaliogopi gari kama wanavyomwogopa mtu. Lakini anayekwenda kwa miguu hupata kitu ambacho dirisha la gari halikipitishi, nacho ni sauti. Ukitoka Skala Kallonis alfajiri, ukafuata ufuko kuelekea mlango wa mto Tsiknias, masikio ndiyo yanayokutangulia. Kwanza utawasikia vyura, kisha kengele za kondoo, halafu sauti laini ya kubiringika inayotoka juu hewani kabla hujaona chochote. Huyo ni kerem, ndege mla nyuki.

Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu, ametua juu ya waya wa umeme, tumbo la bluu, koo la njano, mgongo wa rangi ya hudhurungi. Aliruka ghafla, akageuka hewani, akarudi palepale na nyuki mdomoni. Hakummeza. Alimpigiza kwenye waya, kulia na kushoto, kisha akamsugua mkia wake kwenye waya huohuo mpaka sumu ikatoka na mwiba ukaisha nguvu, ndipo akamrusha kidogo na kumla. Chini yake, kwenye ukingo wa mchanga wa mto, matundu ya viota vyao yalionekana yamejipanga. Ukingo ule umebaki wima kwa sababu mto haujajengewa kuta za zege. Ungejengewa, kerem wasingekuwa na mahali pa kuchimba.

Mbele ya mto ndiko kwenye shamba la chumvi la Kalloni, ambalo ndilo kiini cha ziara yote. Mahali hapo ni kiwanda cha wazi kinachofanya kazi mpaka leo. Maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, jua na upepo vikayapunguza; yakapitishwa la pili, na la tatu, kila bwawa likiwa na chumvi kali kuliko lililotangulia, hadi yafike kwenye vitanda vya mwisho ambako chumvi huganda na kuvunwa mwishoni mwa kiangazi. Katika mabwawa ya kati chumvi imezidi kiasi kwamba samaki hawezi kuishi. Hapo hutawala kijidudu cha jamii ya uduvi, ambacho kwa kukosa samaki wa kukila huzaliana bila idadi. Heroe huinamisha shingo, wakageuza mdomo juu chini na kukichuja kijidudu hicho kutoka majini, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho.

Kila bwawa lina kina chake, na kila kina kina ndege wake. Penye maji ya kufika magotini wamesimama heroe. Penye maji pungufu wapo ndege weusi kwa weupe wenye miguu mirefu myekundu, myembamba kama vijiti vya mishikaki. Penye tope linalong'aa kwa unyevu tu wanakimbiakimbia vitwitwi. Mfanyakazi anayefungua na kufunga malango ya maji anafikiria chumvi, wala hana habari na darubini zetu. Hata hivyo ni yeye anayewaandalia.

Miongoni mwa vitwitwi hao alikuwapo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo. Nilimfahamu, na sikumfahamu. Aina yake huja kwa wingi katika Mkondo wa Mida, Watamu, na kwenye mlango wa mto Sabaki, Malindi. Kwetu kwa miezi mingi huwa amevaa kijivu, kiasi kwamba hakuna anayemgeukia mara ya pili. Kalloni mwezi Mei alikuwa amebadilika, kifua na tumbo vyekundu vya kutu, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda Siberia kutafuta mwenza na kutaga. Mholanzi mmoja aliyekuwa karibu nami na darubini yake ya miguu mitatu alimwita ndege wa Siberia. Nikamwambia kwamba huyu anakaa kwetu muda mrefu kuliko anavyokaa huko. Alicheka, lakini hakubisha, na asingeweza kubisha: majira ya kutaga kule kaskazini ni mafupi mno, na sehemu kubwa ya maisha ya ndege huyu hupita safarini na kwenye matope ya kusini.

Kwamba kazi ya watu ndiyo inayowaweka ndege hawa inathibitishwa vizuri zaidi na Camargue, kwenye delta ya mto Rhône kusini mwa Ufaransa. Huko pia kuna chumvi, kuna mpunga, kuna ng'ombe na farasi. Heroe walikuwa wamekosa mahali salama pa kutagia, ndipo mwaka 1970 kikajengwa kisiwa cha tope ndani ya bwawa la Fangassier, kwenye eneo la uzalishaji wa chumvi. Walikikubali mwaka 1974, na kwa miongo mingi kikawa makao yao makuu ya kuzaliana nchini humo. Baadaye uzalishaji wa chumvi ukakoma upande ule na ardhi ikakabidhiwa wahifadhi. Pampu hazikuendeshwa tena kama zamani, maji yakawa hayatabiriki. Heroe wakahamia mabwawa ya Aigues-Mortes, ambako chumvi bado inavunwa kila mwaka. Waliachiwa mahali palipotulia kabisa kwa ajili yao, nao wakachagua kiwanda.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Je, kazi yoyote ya watu ni heri kwa ndege? Hata kidogo. Tazama mizeituni. Lesvos ina mashamba ya zamani, miti imekomaa na kupasuka, kuta za mawe zimeshikilia ardhi ya mlimani, kondoo wanakula majani chini. Ndani ya mashimo ya miti hiyo hukaa bundi mdogo, yule ambaye Wagiriki wamemweka kwenye sarafu yao ya yuro 1. Sisi tungeona ni uchuro kutembea naye mfukoni. Sasa linganisha na mashamba mapya ya Uhispania na Ureno, ambako mizeituni hupandwa kwa kubanana kama ua wa michongoma na kuvunwa kwa mashine zinazopita juu ya miti. Zilipofanya kazi usiku, taa zake ziliwapumbaza ndege waliolala matawini, nao wakavunwa pamoja na zeituni. Mwaka 2019 mamlaka za Andalusia zilisimamisha uvunaji huo wa usiku. Zao ni lilelile, lakini upande mmoja ndege anakaa na upande wa pili alisagwa. Kinachoamua ni mwendo wa kazi, na nafasi inayoachwa kwa wasiolipwa mshahara.

Tena usidhani kila mtu wa Mediterania ameshika darubini. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilikadiria kuwa ndege milioni 25 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka katika ukanda huo. Kipro wanatumia nyavu na ulimbo, ulimbo uleule tuliopaka vijiti utotoni, kukamata ndege wadogo ambao huuzwa kwa siri mikahawani, ingawa utegaji huo umepigwa marufuku tangu 1974. Malta walipiga kura ya maoni mwaka 2015 kuhusu uwindaji wa majira ya kuchipua, na wawindaji wakashinda kwa kura chache. Katika mlango bahari wa Messina, kati ya Sicily na Italia bara, wawindaji waliwalenga tai na vipanga waliokuwa wakivuka, mpaka msichana mmoja, Anna Giordano, alipoanza kuwapinga hadharani akiwa kijana mdogo. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Ndege wanaofia huko ni wetu pia. Akinaswa Mei, hatutamwona Novemba, na hakuna atakayetuletea taarifa ya msiba.

Kuunganishwa kwa pwani hizi mbili, ya kwetu na ya Mediterania, si habari mpya. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliishi Lesvos kwa muda na kuchunguza viumbe wa ghuba hiihii ya Kalloni. Aliandika kwamba korongo, ndugu za yule mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda, husafiri kutoka nyika za kaskazini hadi kwenye vinamasi vinakoanzia maji ya Nile. Kwa hilo hakuwa mbali na ukweli. Kwa mbayuwayu alikosea, kwani aliamini kuwa wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi, na Ulaya ikaendelea kubishana juu yake kwa zaidi ya miaka 2,000.

Ushahidi ulioshinda mabishano hayo ulitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki shingoni. Mkuki ule, wenye urefu wa karibu sentimita 80, ulikuwa wa Kiafrika. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote alimrushia ndege huyo akitafuta kitoweo, akamkosa nusu, ndege akaondoka na mkuki, na wataalamu wa Ulaya wakapata jibu. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwetu nako, tangu 1969, katika Ngulia, Tsavo Magharibi, nyakati za ukungu wa Novemba na Desemba, wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakinasa ndege wanaovutwa na taa za hoteli usiku, kuwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachia. Baadhi yao wamepatikana baadaye Urusi na katika nchi za Kiarabu.

Nisiposema jambo moja nitakuwa nimeipamba Lesvos kupita kiasi. Kutoka pwani yake ya kaskazini, ambako watu wa darubini hukaa kuangalia ndege wa baharini, Uturuki ipo umbali wa kilomita kumi hivi. Mwaka 2015 watu takribani nusu milioni walivuka maji yale kwa mashua za mpira. Wengi walikuwa Wasiria na Waafghani, lakini miaka iliyofuata Wakongo nao walikuwa wengi, na Kiswahili kilizungumzwa katika kambi ya Moria mpaka ilipoungua Septemba 2020. Mimi nilifika kwa viza iliyonigharimu nyaraka nyingi na subira. Mtu wa Goma alifika kwa mashua, akiwa na bahati kama alifika. Anayetembea Lesvos na kuandika juu ya ndege tu, kana kwamba maji yale hayana historia nyingine, hajatazama vya kutosha.

Sasa turudi kwa mjomba na Bagamoyo yake. Kusema kwamba kuangalia ndege ni tabia ya kizungu ni kusahau dungu. Kizazi cha mjomba kililelewa juu ya dungu, kombeo mkononi, kikiamia ndege kwenye mpunga na mtama tangu alfajiri hadi jioni. Mtoto wa dungu alijua ndege gani huja kwa makundi na gani huja peke yake, gani anakula mbegu na gani anafuata wadudu na hivyo hana kosa. Elimu hiyo haikuandikwa, na ilipokoma kurithishwa tukaamini kuwa haikuwapo. Ni kweli kwamba kwa mkulima wa mpunga ndege maana yake ya kwanza ni kwelea kwelea, na hasara yake si ya kubeza. Lakini shamba la mpunga lililojaa maji hulisha pia korongo, yangeyange na vitwitwi wasiogusa punje hata moja. Kuwatofautisha ndiyo kazi yenyewe ya kuangalia ndege.

Tunayo pia mashamba ya chumvi, Bagamoyo na kaskazini mwa Malindi. Sitasema kila bwawa la chumvi ni baraka. Huko Magarini wakazi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya ardhi na mikoko, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa wazi juu ya malalamiko hayo. Chumvi inayomfukuza mwenyeji haiwezi kusafishwa kwa kuonyesha picha za heroe. Somo la Kalloni linakuja na sharti lake: mwenyeji abaki, kazi iendelee, njia ya kupita kandokando ya mabwawa iwe wazi kwa yeyote mwenye miguu, na faida ya mgeni imfikie muuza chai.

Mfano wa jambo hilo tunao nyumbani. Katika Mkondo wa Mida kuna daraja la mbao lililotundikwa katikati ya mikoko, linaloishia kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Kiingilio cha wageni huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na mkondo huo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nairobi, matembezi ya kuangalia ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwanzoni mwa miaka ya 1970, yamelea wataalamu wengi wa ndege Wakenya. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama wa mkataba wa kimataifa wa 1995 unaolinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Sahihi zipo. Kinachokosekana ni wananchi wanaojua kilichotiwa sahihi, na watu hawawezi kukidai wasichokijua kwa sura.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa halmashauri za pwani na za mabonde ya mpunga: kabla hamjagawa kiwanja kingine cha hoteli kwenye matope yanayoitwa hayana kazi, pelekeni mtu akayatembelee alfajiri ya Novemba, ahesabu waliopo, na ripoti yake isomwe kwenye kikao. Kwa wewe msomaji: vuli ikianza, azima darubini, au nenda bila hiyo. Tafuta shamba la chumvi, bwawa la majitaka au mlango wa mto ulio karibu nawe, ukamsalimu mwenye kazi yake pale na kumwomba ruhusa ya kupita, kisha tembea polepole. Viza haihitajiki, na mjomba anaweza kuja nawe, maana majina ya nusu ya ndege hao anayajua tayari.